Krediti 68 kutoka Kampala: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kuhama Chuo Kikuu

Katikati ya Julai 2023 binti mmoja wa Bukoba alifika katika ofisi ya idara yetu, katika chuo kikuu kimoja cha Kanda ya Ziwa, akiongozana na mama yake na akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa amemaliza miaka miwili ya shahada ya kwanza ya uhasibu katika chuo kikuu cha binafsi mjini Kampala, programu ya miaka mitatu, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Kwa watu wa Kagera, kusoma Kampala si jambo la ajabu: ni safari ya basi ya mchana mmoja kupitia Mutukula, ilhali Dar es Salaam ni upande wa pili wa nchi. Baba yake, aliyekuwa akimlipia ada kutokana na duka la vifaa vya ujenzi, alipata kiharusi mwezi Februari mwaka huo. Duka likafungwa, na mzigo wa ada, kodi ya chumba na chakula kwa shilingi ya Uganda ukawa haubebeki tena. Huku kwetu angeweza kukaa kwa mama yake mdogo, mwendo wa daladala moja kutoka chuoni.

Nilikuwa mmoja wa wajumbe watatu wa kamati ndogo ya idara iliyokabidhiwa faili lake. Naandika kisa hiki kwa ridhaa yake, bila kumtaja yeye wala chuo chochote kati ya hivyo viwili, kwa sababu kila mwaka naona vijana wakipoteza miaka ambayo hawakupaswa kuipoteza, na wengine wakidai miaka ambayo hawana haki nayo, na pande zote mbili chanzo ni kutojua jinsi kazi hii inavyofanyika.

Maswali matatu ndani ya moja

Baada ya salamu, binti aliuliza moja kwa moja: "Mwalimu, miaka yangu miwili itahesabika?" Nilimwambia kwamba swali hilo limebeba maswali matatu, na kwamba tutayajibu kwa zamu. La kwanza ni kama anastahili kudahiliwa hapa, hata kama hajawahi kusoma Kampala siku moja. La pili ni kama chuo alikotoka na programu aliyosoma vinatambuliwa. La tatu, ambalo ndilo lililomleta, ni kozi zipi kati ya alizofaulu zinaweza kuingizwa katika shahada yetu.

Swali la kwanza watu hulipuuza, nalo ndilo linalofunga mlango mapema kuliko yote. Krediti haziponyi upungufu wa sifa za kujiunga. Mwanafunzi aliyepokelewa nje ya nchi kwa sifa ambazo hapa hazitoshi hawezi kuingia kwa mlango wa uhamisho, awe na krediti 30 au 200, kwa kuwa majina ya wanaodahiliwa hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kuhakikiwa, na Tume huangalia matokeo ya kidato cha sita kwanza. Kiwango cha chini kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016 ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Binti huyu alisoma mchepuo wa ECA na alikuwa na C ya Biashara, D ya Uchumi na E ya Uhasibu. C na D peke yake zilimpa pointi 5. Hapo tulipita.

La pili lilituchukua wiki tatu, si kwa ugumu bali kwa barua. Mwaka huo huo wa 2023 kulikuwa na mjadala mkubwa Uganda kuhusu programu nyingi ambazo muda wake wa ithibati katika Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la nchi hiyo ulikuwa umepita, kwa hiyo hatukuridhika na tangazo la chuo chenyewe. Tulitaka uthibitisho kwamba programu ilikuwa na ithibati hai katika miaka ambayo yeye alikuwa darasani. Uthibitisho ulipatikana. Ningeomba kila anayefikiria kuhama aanzie hapo, kabla hajalipa nauli.

Namba 68 na penseli ya afisa udahili

Wakati barua hiyo ikisubiriwa, faili lilikwama mahali ambapo halikupaswa kukwama. Afisa udahili alifungua transkripti, yaani hati ya matokeo ya kozi zake, akashuka hadi mstari wa mwisho wa safu iliyoandikwa CU (uniti za krediti), akakuta 68. Shahada yetu ya miaka mitatu inadai krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo 68 haifiki hata mwaka mmoja, naye akaandika kwa penseli pembezoni mwa jalada: "Mwaka wa kwanza." Mama alipoyaona maneno hayo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Yaani miaka miwili yote imekuwa bure, mwalimu?"

Haikuwa bure. Kosa lilikuwa la kipimo, na naomba msomaji anivumilie hapa, maana ndipo penye uti wa mgongo wa kisa chote.

Uganda na Tanzania zote hutumia neno krediti, lakini hazipimi kitu kimoja. Nchini Uganda uniti moja ya krediti ni saa 15 za mwanafunzi kuwa pamoja na mwalimu katika muhula, na saa mbili za mazoezi ya vitendo huhesabiwa kuwa moja. Tanzania, kwa mujibu wa mfumo wa sifa za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi: mihadhara, semina, kujisomea maktaba, kazi za kuandika, majaribio na mtihani wenyewe. Kipimo cha kwanza kinahesabu muda wa kukaa na mwalimu, cha pili kinahesabu jasho lote la mwanafunzi. Ni kama mtu aliyenunua mahindi kwa debe akayapeleka kwenye soko linalouza kwa kilo. Madebe matano hayageuki kuwa kilo tano kwa sababu tu namba ni ile ile.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika mihula minne binti alisajili kozi 20, kati yake 12 zenye uniti 4 kila moja na 8 zenye uniti 3, jumla uniti 72. Moja ya uniti 4 hakuifaulu, ndiyo maana mstari wa mwisho ulisema 68. Uniti 72 mara saa 15 ni saa 1,080 darasani. Miaka miwili kwetu ni krediti 240, yaani saa 2,400 za kazi yote. Kwa hiyo ili mizigo hiyo miwili ilingane, kila saa moja ya darasani inapaswa kufuatwa na takriban saa moja na dakika kumi na tano za kazi nje ya darasa, jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa uhasibu aliyewahi kusawazisha mizania saa sita za usiku atakubali kuwa si la kutia chumvi. Kwa uwiano huo kozi ya uniti 3 inaangukia kwenye krediti 10 hivi na ya uniti 4 kwenye 13. Kozi zetu zina krediti 10 au 12. Uzito ulikuwa ule ule.

Hatukutumia kigawo hicho kumpa krediti. Tulikitumia kujiridhisha tu kwamba kozi za pande zote mbili zina uzito unaokaribiana, ili penseli ile ifutwe na faili liende kwenye mizani yake halali, yaani maudhui. Krediti anazoandikiwa anayehama ni za kozi ya chuo kinachompokea, si tafsiri ya namba alizokuja nazo. Ikiwa kozi yetu ya Takwimu za Biashara ina krediti 12, na yake imekubaliwa kuwa sawa nayo, anaandikiwa 12, haidhuru kule iliitwa 3 au 4.

Kuna jambo linaloniuma kila ninapofanya hesabu hii. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja, chenye vyuo vyake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kitivo cha sheria kilikuwa Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961 na wanafunzi 14. Udaktari wa binadamu ulisomewa Makerere, na wa mifugo Nairobi. Mtanganyika aliyesoma Kampala hakuwa amesoma nje, maana shahada ilikuwa moja. Mwaka 1970 kila nchi ikachukua chuo chake, na vipimo vikaanza kuachana. Juhudi za kuvirudisha pamoja zipo: Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki limekuwepo tangu 1980 na makao yake ni Kampala, mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu umeandaliwa, na tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya, wakiwa Dar es Salaam, walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Lakini tangazo la wakuu wa nchi halikuwa mezani kwetu siku ile. Mezani kulikuwa na transkripti, penseli, na kamati ya watu watatu.

Alama 47 na alama 68

Kabla ya kufika kwenye maudhui, binti alileta hoja ambayo ilionekana nzito, nami nakiri ilinifanya nirudi kusoma kanuni mara mbili. Kozi aliyoikosa ilikuwa Mbinu za Kiasi, aliyopata 47. Chuo chake kilifuata mizani ya alama kama ya Makerere, ambako ufaulu unaanzia 50. Kwetu ufaulu unaanzia 40, na 47 ni C. Aliuliza kwa heshima: kama alama hiyo hiyo ingekuwa ufaulu hapa, kwa nini isihesabike?

Jibu ni kwamba kinachohamishwa ni krediti, na krediti ni kitu ambacho chuo kilichofundisha kimekwisha kukitoa. Kampala haikumpa krediti ya kozi ile. Ilimpa agizo la kuirudia. Chuo kinachopokea hakiwezi kuhamisha kisichokuwepo. Tukianza kusahihisha upya mitihani ya wenzetu kwa mizani yetu, tutakuwa hatuhamishi krediti bali tunazitunga. Alikubali, ingawa niliona haikumwingia moja kwa moja, na sidhani kama ningekuwa na umri wake ingeniingia mimi.

Upande mwingine wa shilingi ulikuwa ukimfaidi au kumwumiza, kutegemea nani anasoma. Katika mizani ya kule, A inaanzia 80, B+ 75, B 70, C+ 65. Kwetu A inaanzia 70, B+ 60, B 50. Alikuwa na 68 ya Uhasibu wa Gharama, iliyoandikwa C+. Mwajiri wa Mwanza anayeiona C+ bila kuiona 68 atamdhania mwanafunzi wa wastani, kumbe kwa kipimo chetu hiyo ni B+. Na 72 yake ya Misingi ya Masoko, iliyoandikwa B, kwetu ingekuwa A. Chuo kikihamisha herufi, kinamdhulumu. Kikihamisha alama, kinampa daraja ambalo wenzake wa Kampala waliokaa naye dawati moja hawakulipata. Kanuni yetu ilichagua njia ya tatu, nami naiona kuwa ndiyo ya haki: kozi iliyokubaliwa huandikwa kuwa imehamishwa, krediti zake huingia katika zile 360, lakini haiguswi katika kukokotoa GPA, yaani wastani wa ufaulu wake. GPA yake ingetokana na yale tu atakayosoma kwetu. Nilimweleza mapema maana yake: hana tena mwaka wa kwanza mwepesi wa kumbeba, kila kozi atakayoifanya itakuwa na uzito mkubwa kuliko wa wenzake.

Kozi ishirini mezani

Kamati ilikaa mara ya kwanza tarehe za mwisho za Agosti. Kanuni zetu zilikuwa na mambo matatu yaliyohusika: kozi ikubaliwe pale ambapo angalau robo tatu ya maudhui yake inafanana na ya kwetu, krediti zinazohamishwa zisizidi nusu ya shahada, yaani 180, na anayetaka kuingia mwaka wa pili awe na krediti zisizopungua 120 zilizokubaliwa. Ukomo wa aina hiyo si wetu peke yetu. Nchini Kenya, kwa mfano, kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zimeweka ukomo wa asilimia 49 ya kozi za msingi. Sababu yake inaeleweka: anayetunuku shahada lazima awe amefundisha sehemu kubwa yake.

Tulianza na zilizo rahisi kukataa. Tatu hazikuwa na mwenzake katika mtaala wetu: Kifaransa cha mwanzo, Maadili, na kozi ya ujasiriamali iliyofundishwa kwa mtindo ambao sisi hatuna. Mtaala wetu haukuwa na nafasi ya kozi za hiari nje ya fani, kwa hiyo hazikuwa na pa kukaa. Zilikuwa kozi nzuri, alizifaulu vizuri, na zikabaki hewani. Ile ya Mbinu za Kiasi nimekwisha kuieleza. Hapo zilibaki 16.

Kisha zikaja tatu ambazo majina yake yalitudanganya: Sheria ya Biashara, Sheria ya Makampuni, na Kodi. Majina ni yale yale, vitabu vya rejea vingine ni vile vile, na mjumbe mmoja alikuwa tayari kuzipitisha bila kufungua mihtasari, yaani karatasi zinazoonyesha kozi inafundisha nini. Tulipoifungua tukaona tofauti. Sheria ya Biashara ya Kampala ilijengwa juu ya Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010. Ya kwetu inasimama juu ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya mwaka 1872. Kuhusu makampuni, kule wanafundisha sheria yao ya mwaka 2012, sisi ya kwetu ya mwaka 2002. Kodi ndiyo iliyotupa kazi zaidi, kwa kuwa nusu yake ya kwanza, kanuni za jumla za utozaji, zingefaa popote duniani. Hata kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 kwa nchi zote mbili. Lakini kiasi cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili ni tofauti, namna ya kukokotoa kodi ya mapato ni tofauti, na taratibu za rufaa ni tofauti. Mhasibu atakayejaza ritani (taarifa za kodi) za Kariakoo kwa alichojifunza Kampala atamtia mteja wake matatani. Robo tatu haikufika. Nilipendekeza apewe nusu ya krediti na afanye nusu ya pili tu, wenzangu wakanikumbusha kwamba kanuni haina nusu kozi. Walikuwa sahihi kuhusu kanuni, nami bado naamini kanuni hiyo ina kasoro.

Zikabaki 13. Kanuni za Uhasibu ya kwanza na ya pili, Hisabati za Biashara, Takwimu, Uchumi wa mikro, Misingi ya Menejimenti, Misingi ya Masoko, Matumizi ya Kompyuta, na Tabia za Watu Kazini: hizi tisa zilikuwa na mihtasari kamili, yenye mada za kila wiki, saa, vitabu na mgawanyo wa alama. Debiti na krediti za daftari hazijui mpaka wa Mutukula. Zote tisa zilipita, zikampa krediti 100.

Nne zilizosalia zilikuwa Uhasibu wa Fedha ngazi ya kati, Uhasibu wa Gharama, Usimamizi wa Fedha na Uchumi wa makro, zote za krediti 12 kwetu. Kwa hizi bahasha ilikuwa na majina na alama tu. Hapakuwa na muhtasari hata mmoja.

Krediti 100 hazifiki 120. Kwa karatasi nne zisizokuwepo, binti alikuwa anarudi mwaka wa kwanza.

Karatasi nne

Hapa ndipo kisa kilipogeukia, na ndipo ninapotaka msomaji anayejiandaa kuhama akae kidogo. Transkripti husema umesoma nini na umepata ngapi. Haisemi ulifundishwa nini. Kamati haiwezi kulinganisha majina, na haipaswi kulinganisha majina, kama zile kozi za sheria zilivyotuonyesha. Isipokuwa na muhtasari wa kozi, kamati makini hukataa, na inakataa kwa haki.

Alimpigia simu mwenzake wa darasa aliyebaki Kampala. Mwenzake alikwenda idarani, akapewa mihtasari minne siku hiyo hiyo, akaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Tulipoisoma tuligundua kuwa ni ya mtaala uliohuishwa mwaka ule, ambao binti hakuusoma. Usimamizi wa Fedha ulikuwa umeongezewa mada tatu ambazo hazikuwahi kufundishwa darasani kwake. Tusingeweza kumpa krediti kwa mada hizo. Tukamrudisha. Mwalimu aliyewafundisha mbili kati ya kozi hizo alikuwa amekwisha kuhamia chuo kingine, na katibu wa idara alimwambia kijana yule kwamba mihtasari ya zamani iko kwenye kompyuta iliyoharibika. Wiki mbili zikapita hivyo. Muhula wa Uganda huanza Agosti, kwa hiyo kule walikuwa katikati ya masomo na hakuna aliyekuwa na muda. Kwetu masomo yalikuwa yanakaribia, na dirisha la kuthibitisha majina lilikuwa linafungwa.

Kilichomwokoa ni daftari la mama yake. Mama huyu, ambaye mwenyewe aliishia darasa la saba, alikuwa na tabia ya kuhifadhi kila karatasi iliyotoka kwa mwanawe, na likizo ya Desemba 2022 binti alikuwa ameacha nyumbani Bukoba rundo la makaratasi ya mwaka wa pili. Mihtasari mitatu ilikuwa humo, imekunjwa ndani ya daftari la hesabu za duka, mmoja una doa la chai. Wa nne, wa Uchumi wa makro, aliupata kutoka kwa mwalimu aliyehama, aliyeutafuta kwenye barua pepe zake za zamani. Nakala zote zilipelekwa Kampala, zikagongwa mhuri na mkuu wa idara kuthibitisha kuwa ndizo zilizotumika, zikarudi kwa basi ndani ya bahasha nyingine ya kaki, ikapokelewa stendi na mama mdogo.

Kamati ilikaa tena Oktoba. Zote nne zilipita; Usimamizi wa Fedha ulipita kwa shida, kwa mada 10 kati ya 13. Krediti 48 ziliongezwa kwenye 100, zikawa 148. Zilikuwa juu ya 120 za kuingia mwaka wa pili na chini ya ukomo wa 180.

Alichopata na alichopoteza

Krediti 360 ukitoa 148 zinabaki 212. Kwa mzigo wa kawaida wa krediti 60 kwa muhula, hizo ni mihula mitatu na nusu, na kwa kuwa hakuna nusu muhula, ni minne, yaani miaka miwili. Kama angebaki Kampala angemaliza kwa mwaka mmoja. Kama penseli ya kwanza ingebaki pale ilipokuwa, ingekuwa mitatu. Kwa hiyo alipoteza mwaka mmoja na kuokoa mmoja, na hivyo ndivyo nilivyomweleza mama yake, bila kuupaka rangi. Aliuliza ada ya miaka miwili hapa ikilinganishwa na ya mwaka mmoja kule pamoja na chumba na chakula. Tulipiga hesabu pamoja kwenye karatasi. Ya hapa ilikuwa ndogo, ingawa si kwa mbali kama alivyotarajia. Akasema, "Basi mwanangu atakuwa karibu na baba yake." Nadhani hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla hawajapanda basi.

Jambo ambalo hatukumwonya vya kutosha, na lawama hiyo ni yetu, ni ratiba. Kuingia mwaka wa pili hakumaanishi kuwa ni mwanafunzi wa mwaka wa pili tu. Alidaiwa kozi za mwaka wa kwanza ambazo Kampala haikuwa nazo au hazikukubaliwa: Stadi za Maendeleo, Stadi za Mawasiliano, Sheria ya Biashara na Mbinu za Kiasi. Kozi hizi hufundishwa mara moja kwa mwaka, kila moja katika muhula wake. Sheria ya Biashara iligongana na Ukaguzi wa Hesabu, Jumanne saa nne asubuhi. Wanafunzi wa hapa hulijua tatizo hili kwa wanaokeri masomo, yaani wanaorudia kozi mwaka unaofuata baada ya kushindwa sapu (mtihani wa marudio), na huwa wameshazoea kuomba daftari za wenzao. Yeye alikuwa mgeni asiyemjua mtu. Muhula wa kwanza aliiacha Sheria ya Biashara, akaisoma akiwa mwaka wa tatu, na Sheria ya Makampuni, inayoitegemea, ikasogea hadi muhula wa mwisho. Laiti ratiba ingepangwa siku ile ile tuliyosaini zile krediti 148.

Mbinu za Kiasi aliirudia akapata 61. Kodi aliisoma upya yote, na aliniambia kwamba wiki sita za mwanzo hakusikia neno jipya.

Nilipokutana naye mara ya mwisho, akiwa anasubiri matokeo ya muhula wake wa mwisho mwaka 2025, nilimsihi asiitupe transkripti ya Kampala. Kwenye transkripti yetu kozi 13 zimeandikwa kuwa zimehamishwa, bila alama wala herufi, na yeyote atakayetaka kujua alifanyaje katika Uhasibu wa Gharama hataona 68 yake isipokuwa kwenye ile karatasi ya kwanza. Alicheka, akasema iko Bukoba, ndani ya daftari la duka, pamoja na mihtasari yote minne.